Waya mpya za muziki: kuna haja ya kusubiri "ziive"?

"Shikamoo fundi. Mimi niko Tanga, napenda muziki, hasa taarabu ya zamani na dansi. Mwezi uliopita nilipata amplifaya ya mtumba na spika mbili za kusimama chini. Vyote vilipiga vizuri, isipokuwa spika ya kushoto ilikuwa hafifu kidogo. Wiki tatu zilizopita nilipita Dar nikanunua waya za spika, mita tano kila upande, pamoja na waya za RCA za kutoka kwenye deki ya CD kwenda kwenye amplifaya. Jumla laki nne na nusu. Siku ya kwanza sikusikia la maana, nikampigia muuzaji. Akasema waya mpya hazisikiki vizuri mpaka ziive: niziache zipige saa 200, nisizihukumu kabla ya hapo. Eti elektroni zinahitaji kuizoea njia, na plastiki ya juu inahitaji kutulia. Nimeshazipigisha kama saa 60, na katikati nimezichomoa mara mbili tatu nikarudisha za zamani ili nilinganishe. Kweli naona mabadiliko: sauti imefunguka, fidla haichomi tena masikio, na ile spika ya kushoto siku hizi iko sawa na mwenzake. Lakini mke wangu anasema hasikii tofauti yoyote, na rafiki yangu anayesomea umeme amenicheka. Duka linapokea bidhaa kurudishwa ndani ya siku 30. Je, nisubiri hizo saa 200? Na kama waya haziivi, mbona mimi nimesikia?"

Marahaba, mdogo wangu. Usisubiri. Waya haziivi, si kwa saa 200 wala kwa saa 2,000. Zilivyokuwa siku ulipozitoa kwenye mfuko ndivyo zilivyo leo, na kama zitabadilika huko mbele, zitabadilika kwa kuharibika: kutu, kukatika, au kutafunwa na panya.

Ila swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, na rafiki yako hakupaswa kulicheka. Ulichosikia umekisikia. Nitakuonyesha kilikotoka. Sehemu yake kubwa imetoka kwako mwenyewe, na sehemu ndogo, ile ya spika ya kushoto, ni ugonjwa wa amplifaya yako ambao umejificha kwa muda. Nitaurudia huo mwishoni kwa sababu ndio unaohitaji mkono wa fundi.

Sikulaumu kwa kumwamini muuzaji. Maneno yake yanafanana na mambo tunayoyajua. Bodaboda mpya huendeshwa taratibu kilomita za mwanzo ili ringi na silinda zizoeane. Chungu kipya hakipikiwi wali siku ya kwanza. Ngoma ya ngozi hupashwa moto kabla ya kupigwa mpaka ikaze. Nyuzi mpya za gitaa hulegea kila baada ya wimbo mpaka zimalize kuvutika. Tumekulia katikati ya vitu vinavyozoeshwa, kwa hiyo mtu akisema waya nao unazoeshwa, tunaitikia bila kufikiri. Lakini vitazame vitu hivyo vyote: kila kimoja kina kitu ndani yake kinacholika, kinachokauka au kinachovutika. Muulize basi muuzaji wako, ndani ya waya ni nini kinachofanya hivyo?

Shaba? Pengine shaba iliyomo kwenye waya wako ilichimbwa Katanga, ikapita Tunduma juu ya lori kuelekea bandarini. Popote ilipotoka, kiwandani ilipitia mateso ambayo amplifaya yako haiwezi kuyarudia. Ufito wa shaba huvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba mpaka unakuwa uzi. Kuvutwa huko kunaufanya uwe mgumu na wa kukatika upesi, ndiyo maana hupitishwa kwenye joto la mamia ya nyuzi za sentigredi ili chembe zake zijipange upya na uzi ulainike. Kama waya una siku yake ya kuiva, ni hiyo. Linganisha na kinachopita kwenye waya zako za RCA: deki inatoa volti mbili hivi pale muziki unapopanda juu kabisa, amplifaya inaipokea kwa ukinzani wa maelfu ya omu, na mkondo unaopita ni sehemu ndogo tu ya miliampea moja. Mkondo huo hauwezi kupasha joto hata unywele, sembuse kuipanga shaba upya.

Hadithi ya elektroni kuizoea njia ni tamu, na inauzika kwa sababu wengi tunadhani elektroni hutoka kwenye amplifaya zikakimbia hadi kwenye spika kama maji ya bomba. Chukua waya wa 2.5, yaani milimita za mraba mbili na nusu, unaobeba ampea moja. Kwa sebule hiyo tayari ni sauti ya kumwamsha jirani. Humo elektroni husogea kwa mwendo wa takriban sehemu tatu za mia za milimita kwa sekunde. Konokono anazipita. Tena muziki ni umeme wa kwenda na kurudi: kwa noti ya hezi 1,000, kila elektroni inasukumwa nanomita chache mbele, inavutwa nyuma, mara elfu moja kwa sekunde, na wimbo ukiisha inabaki pale pale ilipokuwa. Kinachofika kwenye spika upesi ni msukumo, kama mnyororo wa baiskeli: ukikanyaga pedali gurudumu la nyuma linajibu hapo hapo, ingawa kila pingili imesogea kidogo tu. Hakuna safari, kwa hiyo hakuna njia ya kuizoea.

Kwenye plastiki ndipo muuzaji amegusa ukweli kidogo, nami nataka nimtendee haki. Fundi yeyote aliyewahi kufungua amplifaya kubwa anajua kisa hiki. Unatoa umeme kwenye kapasita, kile kidude cha kuhifadhi chaji ya umeme, unaunganisha miguu yake miwili mpaka cheche ziishe, unaiweka mezani, unakunywa chai. Ukirudi ukaishika tena, inakuchapa. Umeme umerudi kutoka wapi? Umetoka kwenye kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kilicho ndani ya kapasita, ambacho kilimeza chaji kidogo na sasa kinaitema polepole. Jambo hilo ni la kweli, linapimika, na hata ganda la waya lina tabia hiyo kwa kiasi kidogo sana. PVC inayo zaidi, polietilini na tefloni zinayo kidogo mno. Kutoka hapo wauza waya wanajenga ghorofa: kwamba ganda linahitaji mamia ya saa za muziki "kujaa" ndipo litulie.

Ghorofa hilo linaanguka kwa sababu mbili. Ya kwanza, kinachomezwa hutemwa. Ukizima muziki, ganda linarudi lilivyokuwa, na muziki wenyewe unalisukuma huku na huku kwa usawa, kwa hiyo hakuna akiba inayojengeka siku hadi siku. Ya pili, chaji inayohusika ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Waya wa RCA wa mita moja na nusu unaweza kuwa na pikofaradi 150, yaani uwezo mdogo mno wa kuhifadhi chaji. Hata deki yenye ukinzani wa omu 600 kwenye tundu la kutolea sauti, waya huo ungeanza kuiminya sauti kwenye hezi zaidi ya milioni moja na nusu. Sikio la kijana mwenye afya linaishia kwenye hezi 20,000. Sikio langu mimi, baada ya miaka mingi ya spika za harusi, halifiki hata 12,000.

Unaweza kulipima jambo hili bila kuniamini mimi. Ukinzani wa waya wa shaba wa 2.5, kwa mita tano kwenda na mita tano kurudi, ni karibu omu 0.07. Shaba ikipata joto nyuzi moja ya sentigredi, ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.4. Kati ya alfajiri yenu ya Tanga ya nyuzi 24 na mchana wa nyuzi 32, waya wako unabadilika asilimia tatu. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote utakayoyapata kwenye waya mzima, yanatokea kila siku na kujifuta kila usiku, na kwenye spika ya omu nane yanashusha sauti kwa sehemu mbili au tatu za elfu moja za desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Sijawahi kusikia muuzaji akimwambia mteja asikilize asubuhi kwa sababu waya zimepoa.

Sasa masikio yako.

Nikuambie siri ya kazi yetu. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye miksa, awe wa bendi, wa kanisani au wa kaswida, amewahi kuzungusha kitufe cha kurekebisha sauti, akasikia sauti ya mwimbaji inanawiri, akarudisha kidogo, akaongeza kidogo, akaridhika, kisha akagundua kwamba kitufe alichokuwa anazungusha ni cha njia nyingine iliyozimwa. Mimi imenitokea zaidi ya mara moja, mara ya kwanza mbele ya bwana harusi. Na si kwamba nilijidanganya tu kwa maneno, nilisikia kabisa. Ubongo hausubiri sikio limalize kuleta habari. Unatabiri, na ukiwa umeambiwa utazame pembe fulani, unaiangaza pembe hiyo. Muuzaji alikwambia sauti "itafunguka". Tangu siku ile umekuwa ukitafuta kufunguka, ukawa unazisikiliza fidla kwa makini ambayo hukuwa nayo, na kila siku ukagundua kitu kilichokuwemo kwenye santuri tangu iliporekodiwa.

Kuna na kusahau. Picha halisi ya sauti, ile yenye rangi na uchungu wake wote, hudumu kichwani kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo unabaki na maelezo: "ilikuwa kali", "ilikuwa nzito". Unapolinganisha jana na leo, unalinganisha maelezo na sauti, na maelezo hubadilika bila kukuomba ruhusa. Na kuna mazoea. Spika zako ni ngeni kwako, una mwezi mmoja tu nazo. Wiki ya kwanza ukali wa fidla ulikusumbua kwa sababu ulikuwa umezoea redio yako ya zamani. Masikio yamezoea. Kwa maana hiyo kipindi cha kuiva kipo kweli, ila kinachoiva ni msikilizaji.

Mke wako, kwa taarifa yako, ndiye kipimo bora zaidi ndani ya nyumba hiyo. Nadhani hukumwambia bei.

Ongeza mambo madogo ya kila siku. Sauti iliyoongezwa nusu desibeli haisikiki kama "kubwa zaidi". Inasikika kama "nzuri zaidi", yenye uhai. Ukirudisha kitufe cha volyumu karibu na pale pale, hukukirudisha pale pale. Kichwa chako kikisogea sentimita kumi kwenye kochi, sauti za juu zinazogonga sakafu ya vigae na kurudi zinakufikia kwa mpangilio mwingine kabisa, kwa sababu wimbi la hezi 3,400 lina urefu wa sentimita kumi. Mlango ukiwa wazi, besi inatoka. Umeme ukishuka jioni, amplifaya ya zamani inachoka mapema muziki unapopanda. Yote haya ni makubwa mara mia kuliko chochote kinachoweza kutokea kwenye waya, na hakuna anayeyauza, kwa hiyo hakuna anayeyataja.

Zamani watu walitumia waya wowote wa umeme kwenye spika, waya wa taa ya mezani ukiwemo. Biashara ya waya maalumu ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, Noel Lee alipoanzisha Monster Cable. Wahandisi nao hawakukaa kimya. Mwaka 1950 Munson na Gardner wa maabara za Bell walikuwa wameeleza namna ya kumpima msikilizaji kwa sauti mbili A na B, kisha ya tatu X ambayo ni mojawapo ya hizo mbili, yeye aseme ipi. Mwaka 1982 David Clark akachapisha maelezo ya kisanduku cha kubadilishia vifaa vya sauti kwa mtindo huo, bila msikilizaji wala msimamizi kujua kilichounganishwa. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba haumuulizi mtu kama amependa. Unamuuliza kama anatambua.

Wewe unaweza kuufanya sebuleni, na kwa swali la kuiva una bahati: jaribio lake ni rahisi kuliko la kulinganisha waya za aina mbili. Muombe muuzaji akukatie waya mwingine kutoka roli lile lile, urefu ule ule, hata kwa kuazima. Sasa una waya wenye saa 60 na waya wenye saa sifuri, na hakuna tofauti nyingine kati yao. Mkalishe mkeo nyuma ya amplifaya, wewe kaa ukitazama ukuta. Kila raundi arushe sarafu, afunge waya mmoja kulingana na sarafu, aandike. Akae kimya, asikohoe hata. Azime amplifaya kila anaposhika waya za spika, maana ncha mbili zikigusana ikiwa inapiga, utaunguza transista za amplifaya. Usiguse volyumu. Sikiliza kipande kile kile cha wimbo, sema "wa saa 60" au "wa saa sifuri". Fanyeni raundi 16, kwa siku mbili kama mtachoka. Ukipatia 12 au zaidi, bahati tupu ingekupa matokeo hayo chini ya mara nne katika mia. Hapo niandikie tena, nitakuja Tanga na vipimo vyangu. Ukipatia saba, nane, tisa, umefanya kazi ya sarafu.

Kasoro yake ni kwamba kubadilisha kwa mkono kunachukua dakika, na nimeshasema picha ya sauti hudumu sekunde. Tofauti ndogo sana inaweza kupita katikati bila kunaswa. Lakini muuzaji hakukuahidi tofauti ndogo. Amekuahidi waya ambao hausikiki vizuri na waya unaosikika vizuri. Ningependa hata zaidi ukampelekea yeye waya hizo mbili mezani kwake, na amplifaya yake, umwombe achague ulioiva. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hebu tuone akifungwa macho ataivutia wapi.

Umeona pia hesabu yake ya siku? Kwa mwendo wako wa saa tatu hivi kwa siku, saa 200 zinatimia karibu siku ya 67. Duka linafunga kupokea siku ya 30. Sisemi amepanga hivyo. Wauzaji wengi wanaamini kabisa wanachosema, nao walikisikia kwa waliowauzia. Lakini ushauri unaomwambia mteja avumilie mpaka muda wa kulalamika upite, huku masikio yake yakizoea, ni ushauri unaomfaa sana mwenye duka. Jiulize pia mbona waya siku zote huiva kuelekea uzuri. Ngoma ikipashwa moto kupita kiasi inapasuka, maembe yakiiva sana yanaoza. Waya tu ndio hauna siku ya kuiva vibaya.

Na tafadhali usiache amplifaya ya mtumba ikipiga saa 200 mfululizo nyumba ikiwa tupu. Hizo ni siku nane na zaidi usiku na mchana, uniti kama 12 za LUKU kwa amplifaya inayokula wati 60, na kapasita za miaka mingi zinazopikwa ndani ya sanduku bila mtu wa kunusa zikianza kuungua. Hasara hiyo ndiyo pekee ya kweli ninayoiona katika hadithi nzima ya kuivisha waya.

Usinielewe kwamba waya zote ni sawa. Sivyo, na hapa ndipo pesa hupotelea bila kelele. Sokoni zimejaa waya nyembamba za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, na waya mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuwa na ukinzani wa mara moja na nusu ya shaba ya unene ule ule. Mita tano za waya wa 0.5 wa aina hiyo, kwenda na kurudi, zinakaribia nusu omu. Kwenye spika ya omu nne unapoteza desibeli moja nzima, na kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kutoka noti hadi noti, upotevu huo haulingani. Besi inapoteza nidhamu. Hilo linasikika, na linasikika siku ya kwanza na siku ya elfu vile vile. Kwa hiyo chukua wembe, kwaruza uzi mmoja wa waya wako. Mwekundu nje na mwekundu ndani, ni shaba. Mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, nzuri sana kwa pwani. Mwekundu nje na mweupe ndani, umeuziwa alumini, na hilo peke yake ni sababu ya kurudisha.

Kwa wapiga gitaa, urefu wa waya nao si mchezo: pikapu ya gitaa, kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ina ukinzani mkubwa, na waya wa mita sita unaweza kuimeza sehemu ya sauti za juu. Santuri za sindano nazo huchagua waya. Deki yako ya CD haina shida hiyo.

Na vipo vifaa vya muziki vinavyobadilika kweli kwa kutumika. Spika mpya kabisa ni mojawapo: kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishikilia koni kwa nyuma, pamoja na mpira wa pembeni, hulainika, na sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea ndani ya dakika na saa za mwanzo. Amplifaya za vali huhitaji kupata joto kila zinapowashwa. Kapasita iliyokaa stoo miaka mingi hujijenga upya inapopewa umeme taratibu. Mito ya hedifoni hulala kwenye shavu. Vyote hivyo vina kitu cha kulainika au cha kujengeka. Spika zako ni za mtumba. Zilishalainika kwa mwenyewe wa kwanza.

Ushauri wangu kuhusu pesa: una siku tisa hivi. Kama waya ni shaba na umezipenda zilivyoshonwa, na laki nne na nusu haikuumi, baki nazo. Mtu hununua kanzu ya darizi ingawa ya kawaida nayo inasitiri. Lakini ujue umenunua darizi. Kama inakuuma, rudisha. Nunua waya wa kawaida wa shaba wa 2.5 kwa mita, RCA za bei ya kati zenye plagi zinazobana vizuri, na kinachobaki kanunue zulia zito la kutandika kati yako na spika, na pazia nene kwenye dirisha lililo nyuma yako. Fidla inayochoma masikio kwenye sebule ya vigae na dari ngumu hutulizwa na zulia. Utalisikia kabla hujakaa.

Turudi sasa kwenye spika ya kushoto, ambayo umeitaja kama nyongeza, nami naiona ndiyo habari kubwa ya barua yako. Ilikuwa hafifu, umechomoa na kuchomeka plagi za RCA mara kadhaa, ikapona. Pwani hewa ina chumvi. Plagi na tundu vilivyokaa pamoja miaka mingi huota utando wa kutu usioonekana, na kila unapochomoa na kurudisha, chuma kinakwaruza chuma na utando unatoka. Umesafisha kiungo bila kujua, sifa zikaenda kwa waya. Utando utarudi, na kwa amplifaya ya umri huo ninashuku zaidi kwamba risasi ya kulehemu inayoshika tundu kwenye kadi ya ndani imepasuka, ikawa inashika na kuachia.

Itakapofifia tena, fanya hivi kabla ya kumwita mtu. Kwenye upande wa amplifaya, badilishana plagi za kushoto na kulia. Uhafifu ukihamia spika ya kulia, tatizo liko kwenye deki au waya. Ukibaki kushoto, liko ndani ya amplifaya au kwenye spika. Kisha, kwa sauti ndogo, tikisa plagi taratibu, na zungusha volyumu uone kama inakwaruza. Jambo moja zaidi: badilisha pia upande uliokaa, geuka uipe spika mgongo. Kama uhafifu unafuata sikio lako badala ya spika, basi muone daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi ni nta tu, lakini sikio moja likipoteza usikivu ghafla, nenda siku hiyo hiyo, usingoje.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukipigwa shoti kwenye bodi ya amplifaya, au spika ikivuma hata bila muziki, chomoa kwenye soketi usiiwashe tena mpaka fundi aione. Kwa uhafifu wa kawaida, mpelekee fundi ukiwa na majibu ya hayo majaribio. Mwambie afungue, alehemu upya matundu yote ya RCA upande wa nyuma hata kama ni moja tu linalosumbua, apulizie dawa ya kusafishia viungo kwenye volyumu na kwenye swichi ya kuchagulia deki, na akupimie chaneli zote mbili kwa pamoja kabla hajafunga kifuniko. Kazi ya saa moja, na simama hapo hapo uione.